Kisima Namba Saba

Bodil ananifungulia geti, kikombe mkononi.
Hapa Møllegade, miaka thelathini, mumewe Ejnar
alifua makoti ya mji mzima bila tone la maji,
na mashapo ya dawa akayamwaga mferejini, uani.
"Kila dobi alifanya hivyo," asema. Sijauliza.

Dawa ile ni nzito kuliko maji. Ilizama,
ikapenya mchanga, ikajilaza juu ya mfinyanzi
mita kumi na mbili chini, kusikofika pumzi.

Huko tukawashusha wageni
ambao hewa yetu ndiyo kifo chao.
Posho yao mafuta ya soya;
klorini wanaivuta kama sisi tuvutavyo upepo,
wanainyofoa punje kwa punje:
nne, tatu, mbili,

mbili. Miezi kumi na minne, mbili.
Kisha moja, na yenye moja ndiyo sumu kuwashinda wazazi wake.
Nilimficha Bodil tarakimu zile. La, sikumficha:
nilizitaja upesi, kwa sauti ya ofisini.

Leo naisoma karatasi ya maabara juu ya boneti ya gari.
Klorini, hakuna. Kilichobaki ni ethilini,
gesi ileile itokayo kwenye tufaha likiiva.

Bodil ananusa hewa, kana kwamba ingemfikia.
Auliza: sasa aweza kulala tena chumba cha chini,
penye pasi ya Ejnar?

Nafunga mfuniko, nakaza nati.
Bado visima sita, namwambia.