Dole Gumba, Mkono wa Kulia

Bwana karani, umenisukumia pedi ya wino
ukasema: dole gumba, mkono wa kulia, hapa penye nukta.
Nimekutazama. Hukunitazama.

Dole hilo lilibaki Iyunga, njia ya nne,
kati ya behewa la mbolea na behewa la shaba,
Juni ile sakitu ilipolala juu ya mataruma
mpaka saa tatu asubuhi,
chuma kikang'ata ngozi hata kabla hakijakusudia.
Nani alimpa dereva ishara ya taa?
Faili lina majibu matatu.
Mimi nilisikia mlio mdogo tu,
kama mtu kavunja muwa.

Daktari alihesabu kwa kalamu:
gumba, asilimia yake; cha shahada, yake;
cha kati kimebaki nusu, basi na bei iwe nusu.
Wakulima wa Uyole wanalijua gunia la lumbesa:
unatoa gunia na nusu, unalipwa gunia.
Nami nilitoa mkono,
nahesabiwa vidole.

Hata jina mmelikata.
Mwasakafyuka halikuenea kwenye visanduku,
mkaishia Mwasaka.

Wakili wa pale Mafiati alitaka theluthi.
Nikamwuliza, theluthi ya kidole ni ipi, ukucha?
Akacheka. Akanirudishia bahasha.

Jedwali lenu nimelisoma lote, bwana,
nimelisoma kwa taa ya chemli, umeme ulipokatika.
Halina mstari wa vifungo vya shati la ibada.
Halina mstari wa msibani,
mtu anapopokea mkono wangu
kisha akatazama viatu vyake.
Jioni Tusekile anamenya viazi, mimi nashika bakuli.
Hajasema neno. Anamenya taratibu kuliko zamani,
ili tumalize pamoja.

Miaka kumi na tisa niliunga mabehewa.
Niliyoyaunga yamefika Kapiri Mposhi, yamerudi,
yamekwenda tena.
Barua yangu imetoka chumba namba sita
na bado haijafika ghorofa ya pili.

Nimekupa la kushoto. Umesema fomu hailitambui.
Umesema nije na mthamini, nije na picha ndogo mbili,
nije Jumanne.
Basi nimechovya hiki kilichobaki,
nimekikandamiza penye nukta
mpaka meza yako imelia.

Doa limekaa. Halina mistari, halina mizunguko,
jeusi tii, limevuka kisanduku
na kugusa neno *mdai*.
Umelielekeza dirishani, kwenye mwanga,
huko nyuma Loleza imejifunika ukungu,
ukaandika kwa penseli pembeni:
alama haisomeki.

Nipe kitambaa, bwana karani.
Au acha.
Wino kwenye kovu hautoki leo.