Shibiri Moja na Nusu

Kwenye kalenda ya duka la dawa la Mwembe Tayari
iliyo ukutani juu ya cherehani yangu, pana ramani ya dunia,
na humo Mombasa na Perth ni shibiri moja na nusu.
Nilipima kwa mkono huu wenye sugu ya mkasi:
dole gumba Kilindini, kidole cha mwisho kikaangukia majini,
nikatia alama kwa chaki, nikahamisha gumba, nikafika.
Maji matupu. Hata kisiwa cha kuvulia viatu hakuna.

"Kilomita elfu nane na mia tano," akasoma Mwanasiti kwenye simu,
"lakini hiyo ni ya rula, baba. Rula haina abiria."
Abiria huanza na Nairobi,
kisha Doha, kule kaskazini, ameipa Perth kisogo,
akae saa nne kwenye kiti cha chuma,
ndipo ageuzwe kusini, saa kumi na moja hewani, magoti kifuani.
Jumla elfu kumi na tatu na ushei.
Nami fundi: nikikata kitambaa cha mteja namna hiyo
atanifikisha kwa chifu.

Tiketi iliandikwa 10:40.
Nikaisoma nilivyosoma saa tangu utotoni:
saa kumi na dakika arobaini, kabla ya adhana.
Saa saba za usiku Kombo akaleta Probox,
tukavuka Makupa, malori yamelala upande mmoja,
mama yake anahesabu masanduku, mawili,
anahesabu tena, mawili.
Langoni mlinzi akaikunjua tiketi, akaikunja.
"Mzee, hii ni saa nne na dakika arobaini. Asubuhi.
Mmewahi kwa saa sita."

Nilitaka ardhi ipasuke. Kombo alicheka mpaka akakohoa.
Mwanasiti hakucheka, wala hakushangaa.
Alifungua kikapu:
chupa ya chai ya watu wanne,
mahamri, mbaazi za nazi kwenye kopo la siagi,
na leso ya kutandika.
Nani hupanda ndege na mbaazi za nazi?
Sikuuliza. Tulikula kando ya barabara,
migongo kwenye gari,
mpaka jua likapanda juu ya matangi ya Changamwe
na mama yake akasinzia begani pake.

Kule wako mbele saa tano.
Kwake ni saa mbili usiku, ametoka hospitali, anachemsha wali;
kwangu saa tisa, nashona sare za shule.
Hunitajia saa kwa Kiswahili, asiniaibishe.
Sauti huchelewa kidogo njiani:
nasema neno, kimya, ndipo anacheka,
na kimya hicho sijui kinapita njia ipi,
ya rula au ya Doha.

Kalenda imemaliza mwaka wake, sijaitungua.
Disemba imekauka, ramani ingali juu,
na chaki yangu pale katikati ya bahari,
mahali mkono ulipokoma
kabla sijauhamisha.