Na Wanawe

Mlangoni, kwa rangi ya dhahabu juu ya kijani,
mchora herufi aliandika: ISAAC MOSSOP NA WANAWE.
Alilipwa gunia la viazi na shilingi kumi.
Mwaka ni arobaini na tisa, lori ni Foden,
jipya, la mkopo, linanukia ngozi na grisi,
na Shap nzima ilitoka nje kulitazama
kama watu wanaochungulia bi harusi.

Wana walikuwa wawili, Clifford na Lance.
Binti mmoja, Edna, ndiye anayenisimulia,
miaka themanini na minane, miguu juu ya kigoda,
chai imepoa.

"Januari, injini ilikuwa na kiburi.
Baba alichovya tambara katika mafuta ya taa,
akaliwasha, akalishika penye mdomo wa bomba la hewa,
Clifford akizungusha hendeli na kutukana kwa pumzi fupi.
Ikikohoa mara tatu, tulijua mkate upo.
Ikikohoa mara mbili, mama alirudisha siagi kabatini."

Hita hakuna. Gunia magotini, gazeti la jana ndani ya buti,
dirisha la kushoto halifungi, limezibwa kwa soksi.
Na mlima ule haumwonei huruma mwenye haraka:
gia ya kwanza, mwendo wa kusindikiza jeneza,
tani kumi za mawe ya chokaa zikinung'unika nyuma,
na Lance, utingo, akitembea ubavuni mwa gurudumu
na gogo mkononi, tayari kulisukuma chini ya tairi
endapo breki zingebadili nia.

Mama yao, Hetty, hakuwahi kushika usukani.
Alishika daftari.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
Hetty hakuwajua wahenga wetu, ila aliwatii.
Edna amelihifadhi, limekunjamana kwa unyevu,
nami nasoma kwa taabu mwandiko wa kalamu ya risasi:
*Fearon, samadi, safari mbili, hajalipa.*
*Fearon, hajalipa.*
*Fearon, hajalipa, amenunua farasi.*
*Fearon amefariki. Nimesamehe.*

Kisha majira ya baridi ya hamsini na tano.
Lance jeshini, Clifford kavunjika kifundo cha mkono,
baba kalala, kifua kinapiga filimbi,
na maziwa hayangoji mtu apone.
Edna aliketi juu ya mto wa kochi ili aone barabara.
Wakulima walichungulia nyuma yake kumtafuta dereva.
"Nikawaambia, pakieni."
Wiki kumi na moja, zikawa miaka tisa.

Mlangoni hakuna aliyeongeza herufi.

Barabara kuu mpya ilipopita bondeni
na kampuni za mjini zikaja na malori marefu kama treni,
Isaac aliuza moja, akauza la pili.
Foden lilivutwa kwa mnyororo hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.
Hetty aliandika bei, akapiga mstari,
akaloweka maharage ya kesho.

Kiangazi kilichopita, kwenye maonyesho ya malori ya kale,
mjukuu alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu
kati ya nyasi, moshi na wanaume wenye vitambaa vya kung'arishia.
Lilikuwa pale. Kijani kilekile, dhahabu ileile,
mgeni mmoja kalifufua kwa miaka kumi na pensheni yake yote.
Edna akapapasa mlango, akateremsha kioo, akakipandisha.
"Linafunga," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa.
Yule bwana akamuuliza kwa adabu:
"Mossop alikuwa nani wako?"

Nikamweleza Edna kwamba neno lililo mlangoni,
kwa lugha yao, linawahesabu wavulana peke yao.
Kwa lugha yangu, mwana ni aliyezaliwa, basi.
Akalionja mara mbili, kwa ulimi mzito: *wa-na-we*.
Akacheka hadi chai ikamwagikia sahani.
Halafu akanyamaza, akitazama dirishani,
na mguu wake wa kushoto, pale juu ya kigoda,
ukakanyaga taratibu kitu nisichokiona.