Mwiga Ukungu

Januari. Grenoble imefunikwa ukungu
hadi kwenye milango ya tramu; milima imefutwa yote.
Solenn Perrachon anavua glavu za sufu, anavaa za mpira.

Ajabu ya Kiswahili: neno hilohilo
linaloficha bonde zima la Isère
ndilo linaloota juu ya punje iliyosahaulika.
Basi niseme hivi: nje ukungu, ndani ukungu,
na kazi ya binti huyu ni kuuiga
ule mdogo.

Baba yake, huko Vinay, aliupiga vita miaka arobaini.
Alizigeuza jozi vichanjani alfajiri na usiku,
akinusa gunia baada ya gunia.
“Ukungu ni mwizi,” alisema, “haubishi hodi.”
Hakujua kwamba mwizi huyo ana kiwanda:
katika kimeng'enya chake, chembe moja ya shaba,
shaba ileile ya waya na sufuria,
na ubavuni mwa shaba radikali,
elektroni moja isiyo na jozi.
Hao wawili huipokonya sukari hidrojeni mbili,
huitwika oksijeni inayopita,
kisha hukaa walivyokuwa,
midomo mikavu, kama hawakula.

Mwiga tembo hupasuka msamba.
Mwiga ukungu je, hupasuka nini?

Solenn amepasua chupa kumi na moja.
Ukungu ulijenga kwa maelfu ya atomi,
yeye ana mia moja na ushei:
pete mbili za fenoli, nitrojeni mbili
zinazoibana shaba kama koleo,
na vichaka vya kaboni pembeni, wageni wasikaribie.
Jumatatu ikatoka kahawia. Alhamisi, tope.
Leo, kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri,
imetoka kijani,
kijani cha ganda la jozi lingali mtini.

Anashuka nayo ngazi mbili mbili,
nitrojeni ikifuka mkononi,
mpaka chumba cha sumaku, kwa Fulgence Mottet,
aliyebakiza miezi mitatu astaafu
na anayekula mkate juu ya daftari la vipimo.
Shaba ikiwa peke yake huchora vilima vinne, hilo analijua hata usingizini.
Radikali peke yake, kilele kimoja chembamba.
Wanatazama kioo.

Mstari.
Umenyooka toka ukingo hadi ukingo.

Solenn anaujua mstari huu.
Aliuona Oktoba, wodi ya ghorofa ya tatu,
juu ya kitanda cha baba,
na muuguzi akauzima mlio kwa kidole kimoja,
kwa adabu, kama mtu afungaye kitabu cha mwenzake.

“Hakuna kitu,” anasema Fulgence.
Kisha anasimama, makombo yanamwagika.
“Hakuna kitu! Unaelewa, mwanangu?”

Anaelewa. Upweke wa shaba na upweke wa radikali
umeelekeana, mmoja juu, mmoja chini,
na kila mmoja umemeza sauti ya mwenzake.
Vilima vikirudi, ndipo watajua kuwa radikali imekufa.
Kimya kingi, basi; mshindo umo ndani,
kwenye tone la kijani lisilojaza hata kizibo.

Vitarudi. Labda kesho, labda kabla ya chakula cha mchana;
ukungu una karne zisizohesabika za mazoezi,
yeye ana miaka miwili na ufadhili unaokwisha Juni.

“Pima tena,” anasema.
Fulgence anapima tena.
Mstari.
“Tena.”