Sahani ya Tundu Pana

Cherehani hii nimeinunua Majengo
kwa mjane wa fundi Twalib,
elfu sita, na juu yake ahadi:
dera moja, shimizi mbili.
Tukaipakia mkokoteni hadi Kibokoni,
mimi nyuma nimeishika kichwa
kama anayempeleka mgonjwa Makadara.

Ni ya chuma, kijani cha mlango wa msikiti,
na hewa ya hapa, yenye chumvi, imeshaanza kuilamba
pale rangi ilipobanduka.
Nikaipangusa. Nikaitia mafuta
kila tundu lenye alama nyekundu,
tone moja, tone moja, si kumwagia,
nikalizungusha gurudumu kwa mkono
mpaka ikaacha kusaga meno.

Sindano, upande wake bapa hutazama nyuma.
Mimi niliugeuza mbele,
ikaruka mishono mitatu kila mitano,
na Swabra, bintiangu, akasema:
"Mama, inachechemea."

Uzi wa juu unashuka,
unapita baina ya visahani viwili vinavyobanana,
unapanda kwenye kile kidole kinachoinama na kuinuka,
unashuka tena.
Ukikiruka kituo kimoja tu
chini ya kitambaa utakuta kiota cha ndege.
Bobini itie ndani ya kikopo chake,
iache ining'inie kwa uzi, uitikise:
ishuke kidogo, isimame.
Ikidondoka, imelegea.
Ikigoma, imekazwa mno.
Bisibisi ndogo, robo ya mzunguko,
na robo hiyo ilinila adhuhuri nzima.

Ikashona.
Mstari wa daftari, moja kwa moja,
Swabra akapiga makofi.
Nami kwa tamaa nikageuza kitasa,
kutoka sifuri hadi nne,
nione zigizaga.

Tak!
Nusu ya sindano ikarukia kwenye sufuria ya mbaazi.
Nikatia nyingine.
Tak!

Nikampigia Bi Salha. Nilitaka kulalamika, kweli,
na hesabu ya sindano nilikuwa nayo mdomoni.
"Umebadilisha sahani?" akauliza.
"Sahani gani?"
"Hiyo iliyo chini ya sindano. Tundu lake ni dogo,
la mshono ulionyooka. Sindano ikiyumba
itagonga chuma, itafanyaje tena?
Yenye tundu pana imo ndani ya mtoto wa meza.
Twalib alikuwa mshona kanzu.
Zigizaga," akasita, nikasikia feni yake,
"zigizaga alikuwa akinishonea mimi tu."

Nikaipata. Imeviringishwa karatasi ya kahawia,
na juu ya karatasi, kwa penseli:
Salha, shimizi, kiuno inchi thelathini na sita.

Alhamisi nilimpima mwenyewe.
Futi ilisimama kwenye thelathini na moja,
akaniambia niivute vizuri, huenda imekosea.

Skrubu mbili, sahani mpya mahali pake.
Gurudumu kwa mkono kwanza: sindano ikaingia kushoto,
ikatoka, ikaingia kulia,
haikugusa kitu.

Lastiki huivuta kwa mikono miwili,
mmoja mbele, mmoja nyuma ya mguu wa cherehani,
lakini usimburure mwenye meno ya chini,
yeye anajua mwendo wake.
Mshono ulionyooka hapa hukatika siku ya kwanza
mvaaji akiketi.
Huu unayumba, unavutika, unarudi.
Nimekata lastiki ya thelathini na moja,
kisha nikaongeza inchi mbili, sijui kwa nini,
nikazikunja ndani, zisionekane.

Katikati ya kiuno taa ikazimika.
Tokeni zimekwisha, na duka limefungwa.
Nikashika gurudumu.
Kushoto. Kulia. Kushoto.
Swabra ananimulikia kwa simu
na anahesabu kwa sauti, anakosea, anaanza upya.

Sahani ya tundu dogo
nimeiviringisha kwa karatasi ile ile,
maandishi yakiwa ndani.