Pumba

Saa nane za usiku, Bugarika,
kigimbi kinajifunga fundo.
Kamba ya kokoro inavutwa na watu nisiowajua
kutoka kisigino hadi goti,
na mimi ndimi wavu, ndimi samaki, ndimi mchanga.

Nasimama. Nyumba yetu imeegemea mwamba
au mwamba umeegemea nyumba,
mwenye nyumba mwenyewe hana uhakika.
Nasukuma ukuta kwa vidole vya mguu, nahesabu.
Ndipo moyo, ambao hakuna aliyeuita,
unaanza kubisha hodi,
na ukifungua hukuti mtu.

Mchana kope la jicho la kushoto linacheza.
Mama Sumbuka wa gengeni akasema, utapokea mgeni.
Siku tatu nikapika wali wa ziada. Hakuja.
Holo, tunayechuna naye minofu ya sangara meza moja kiwandani,
akasema la kushoto ni machozi:
"Afadhali hayo, hayali wali."
Dada wa maombi akasema roho ya hofu,
akanishika utosi, na kwa dakika moja nilipoa,
mikono yake ilikuwa na joto, namshukuru.
Shangazi, kwa simu kutoka Misungwi, hakusema neno.
Ukimya wake ulikuwa na jina la jirani ndani yake.

Tabibu Lubango ana kalamu iliyotafunwa.
Hakuuliza adui zangu. Aliuliza nakula nini.
Sembe, nikasema, nyeupe, namba moja.
Chai ya rangi. Zamu ya usiku, soda.
"Mboga?"
Nikacheka.

Akasema huenda ni upungufu wa magnesiamu. Huenda.
Kipimo chake pale hakuna,
na damu, hata ikipimwa, husema nusu ya ukweli.
Akasema ndiyo madini yanayouambia msuli: basi, legea;
yanayoiambia mishipa ya fahamu: shusheni sauti.

Magnesiamu!
Kidato cha pili, maabara yenye dirisha moja zima,
Mwalimu Masalu alishika utepe kwa koleo,
akauwasha, akapaza sauti: Msitazame!
Nikatazama.
Weupe kuliko ziwa saa sita za jua kali.
Siku nzima nilitembea na jeraha la kijani machoni.
Kile? Chenye hasira ile?
Ndicho kinachobembeleza?

Nikarudi kwa njia ya mashine ya kusaga,
pale mahindi yanapokobolewa
mpaka yasahau kama yaliwahi kuwa na ngozi.
Miaka sita nabeba sembe kwenye mfuko mzuri
na pumba kwenye kiroba, za kuku.

Kuku wangu saba.
Jioni ile niliwachungulia bandani:
kichwa bawani, mguu mmoja juu,
hakuna hata mmoja anayeshtuka.
Nilikuwa nawalisha usingizi wangu.

Sasa ni dona. Ni nsansa ya karanga,
ile niliyoikimbia nilipotoka kijijini
nikidhani nimepanda cheo.
Mbegu za maboga ziko mfukoni mwa koti la kazi,
Holo anachota bila kuomba.
Wiki ya tano, au ya sita, sikuandika,
jicho likatulia.
Kigimbi bado hunitembelea, mara mojamoja,
kama mdai aliyekwishalipwa anayepita kusalimia tu.

Hofu? Asiseme mtu nimeponywa hofu na mbegu.
Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa,
na sangara wanaingia wadogo, wachache.
Hofu hiyo ina mguu wake, ina haki ya kubisha.
Ila sasa inapobisha, naijua sauti yake,
siichanganyi na mshindo wa damu yangu.

Jana saa nane niliamka, kwa mazoea, nikangoja.
Mguu ulikuwa mguu.
Chini kule ziwa lilikuwa likigonga mawe
bila kumtafuta mtu.
Bandani kuku mmoja akalalamika.
Nikamwambia: zoea, mwenzangu.
Siku hizi tunagawana.