Chatu Mabegani

Babu Mervyn hakutaka kuja.
Alishuka garini akinung'unika: baridi hii ya Julai
ni ya kukaa na chai, si ya kulipia kiingilio
kuwatazama kangaruu
aliowafukuza shambani maisha yake yote.

Tukampita wombati, kalala kama gunia.
Emu akadonoa kifungo cha koti langu, akakimeza.
Mjusi mnene akatutolea ulimi wa buluu,
Babu naye akautoa wake.
Hapo nikajua hajanuna sana.

Kwenye banda la nyoka Leonie aliuliza,
nani atamshika?
Watoto wa shule wakarudi nyuma, wakisukumana.
Na mzee yule aliyeegemeza koleo
nyuma ya mlango wa jikoni miaka hamsini,
kwa kazi moja tu,
akavua kofia.

Chatu alimpanda polepole: kiganja, kiwiko, bega,
mzito kama kamba iliyolowa,
akajipenyeza chini ya kola
akatulia shingoni, pale penye mshipa.

"Anafanya nini?" Babu alinong'ona.
"Anasikia baridi," Leonie akasema. "Wewe una joto."

Babu hakujibu.
Mkono ule wa koleo ukainuka,
ukasita hewani,
kisha ukafunga kifungo cha juu cha koti
upepo usimpate mgeni.

Njia nzima ya kurudi Mudgee redio ilizimwa.
Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, kimya.
Vikamwishia.
Akaanza tena na kidole gumba.